Duka la spea za PLC za zamani pale Gerezani: bei inauma, ila kadi inawaka

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Duka ni zuri, ni ghali, lina mambo mawili matatu ya kukera, na kama kiwanda chako kina mashine ya Ulaya ya miaka ya 90 kurudi nyuma utaishia pale tu, upende usipende. Wenye muda tuendelee.

Duka lenyewe halina bango. Liko Gerezani, Dar, kwenye vile vinjia vya ndani vya wauza bearingi na mafundi wa kusuka mota, ukiuliza "kwa Mzee wa Kadi" hata vijana wa mikokoteni wanakuonyesha kwa kidole. Jina la biashara lipo kwenye risiti na hapa silitaji, mwenyewe aliniomba, anasema akianza kupigiwa simu na kila anayetafuta fyuzi ya taa hatofanya kazi tena. Kwa wasio wa fani, kadi ni vile vipande vinavyochomekwa kwenye raki ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, ndani ya paneli, yaani CPU ambayo ndo ubongo, pawasaplai ya kulisha umeme, kadi za inputi zinazosoma swichi na sensa, na kadi za autiputi zinazowasha kontakta na valvu. Kipande kimoja kikifa laini nzima ya uzalishaji imesimama na watu mia wanakuangalia wewe.

Sasa kwa nini mtu aende kununua kitu kilichokwisha sokoni? Kwa sababu mashine zetu nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika. Tajiri ananunua laini nzima ya kufungashia huko Italia au Ujerumani, ya mwaka 1993 hivi, inashuka bandarini imepigwa rangi mpya inang'aa, na kiukweli chuma chake bado kizima, gia zipo, shafti zipo, itapiga kazi miaka mingine mingi tu. Ila fungua paneli. Ndani kuna SIMATIC S5 ya Siemens, familia iliyoanza 1979, mrithi wake S7 akaja katikati ya miaka ya 90, na S5 haitengenezwi siku nyingi. Hata S7-300 ambayo wengi wetu tunaiona bado kijana, Siemens wameanza kuiondoa sokoni tangu Oktoba 2023 na spea wameahidi mpaka 2033. Upande wa Wamarekani PLC-5 ya Allen-Bradley walishaifunga katikati ya 2017. ABB kwenye draivu zao, vile vifaa vya kuongoza mwendo wa mota, wana ngazi nne za umri wa bidhaa, ukifika ya nne maana yake usitupigie simu. Mashine haijui hizo tarehe, inaendelea kutoa mzigo kila siku kama kawaida, mpaka siku kadi moja inakufa ndo unagundua unatafuta kitu ambacho hakuna wakala nchi nzima anakiagiza.

Na ukienda kwa wakala rasmi jibu ni moja: badilisha mfumo wote. Hawakosei, siku moja itabidi. Lakini kubadili mfumo ni kuandika programu upya, kuvuta nyaya upya, kusimamisha uzalishaji, na bei yake unaweza kujenga nyumba. Wewe leo unataka kadi moja.

Haya, dukani kwenyewe. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba mzee hakuuzii kabla hujamwonyesha lebo. Ukimwambia "shikamoo mzee, naomba CPU 315-2DP", ambayo ni ya S7-300, anaitikia marahaba alafu anakuuliza, mwanangu, ipi? Maana kwa jina hilohilo zipo za vizazi tofauti na tofauti iko kwenye zile herufi za mwisho za namba, 6ES7 315 ikifuatiwa na 2AF, 2AG au 2AH. Ile ya zamani ya 2AF ina betri yake ndani. Ya 2AG haina betri kabisa, inataka ile kadi ndogo ya memori ya MMC, bila MMC haipokei programu, utaichomeka itakaa inakutazama. Na kwenye mipangilio ya programu lazima ubadilishe uiambie kwamba sasa CPU ni nyingine, maana yake lazima uwe na laptopu yenye Step 7, programu ya Siemens ya kuandikia PLC za S7, na uwe na faili la mradi. Sasa nimeona watu wazima na vyeti vyao wameagiza CPU kutoka nje, imefika kwa ndege, pesa ndefu, alafu MMC hakuna. Mzee anakuuliza hayo yote kabla hujatoa hata shilingi, na kama huna faili la mradi anakwambia wazi usinunue hii, subiri nikutafutie ya kizazi chako. Kuna siku alimrudisha jamaa wa kiwanda cha plastiki mbele yangu, jamaa ana hela mkononi, anataka kuondoka na CPU, mzee kamwambia hii haitakusaidia baba, nenda kapige picha lebo kwanza. Muuzaji wa Gerezani anayekataa hela ya mteja! Mi nilikaa chini nikaomba chai.

Hiyo MMC nayo, kwa faida ya wote, usiichomeke kwenye kisomeo cha kawaida cha laptopu ukaiformati kwa Windows kama unavyofanya memori kadi ya simu. Imekufa hiyo, CPU haiitambui tena, na siyo kitu cha bei ya memori kadi ya simu. Mzee ana boksi zima la MMC zilizouliwa hivyo na vijana wa IT, anaziweka kwenye kaunta makusudi ili watu waulize.

Kadi za analogi ndo usiseme. Ile SM 331 ya S7-300 ubavuni ina vidude vidogo vya kuchomeka unavizungusha kwenye A, B, C au D kuiambia kadi inasoma nini, B ni volti, D ni ile miliampia 4 mpaka 20 ya waya mbili, C ya waya nne, A ya joto na vitu vya milivolti. Kadi nyingi za mtumba zinakuja vidude vimedondoka au vimekaa popote pale. Ukivikosea usomaji unakuwa wa ajabu, na ukiwa na bahati mbaya kadi yenyewe inaungua. Kwenye S5 hali ni ileile, kuna vijikadi vya renji vinachomekwa ndani ya kadi ya analogi, na muuzaji asiyejua anakuuzia kadi kavu bila vijikadi, picha inaonekana safi kabisa kwa sababu kwa mbele huvioni. Kwa mzee kila kadi ya analogi inatoka na vidude vyake, na amebandika karatasi kaandika kwa kalamu viko kwenye herufi gani.

Sasa benchi la kupimia, hapa ndo pesa yako inapokwenda. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo, ukutani kuna raki za S5-115U, S7-300, SLC 500 moja ya Allen-Bradley, na Omron mbili tatu, zote ziko tayari na umeme. Kadi yako inachomekwa pale mbele yako. Za inputi zina ubao wa swichi, anawasha moja moja unaona taa inajibu. Za autiputi zimeunganishwa na balbu na koili za kontakta halisi, maana autiputi iliyochoka inaweza kuwasha kitaa chake kidogo vizuri tu alafu ukiipa mzigo wa kweli inalegea. Hilo watu wengi hawalijui, wanaona taa ya kijani wanafurahi. Alafu anaziweka kwenye sanduku la mbao lenye balbu ya moto ndani na kipimajoto, anapandisha mpaka kama nyuzi 50, kadi inakaa humo masaa ikiendelea kufanya kazi. S7-300 imeruhusiwa mpaka nyuzi 60 raki ikiwa imefungwa kwa ulalo na 40 ikiwa imefungwa kwa wima, kwa hiyo hajaizidishia. Kadi yenye mguu uliolegea kwenye solda inaonekana hapo, ikiwa baridi ni nzima, ikipata joto inaanza kupotea. Nyie mnaofanya kazi Ubungo na Pugu Road ndani ya paneli isiyo na feni mnajua joto la saa nane mchana ni joto gani.

Draivu na pawasaplai ana utaratibu mwingine. Kapasita zile kubwa za alumini zikikaa muda mrefu bila umeme ule utando wa ndani unaozuia umeme unachoka, ukiichukua draivu iliyolala stoo miaka mitano ukaipa volti 400 ghafla inaweza kupasuka usoni kwako. Watengenezaji wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba ikikaa muda lazima uiamshe polepole. Mzee ana variaki, ile transfoma ya kuzungusha kwa mkono, anapandisha volti kidogo kidogo kwa masaa huku anaangalia ampia inayovutwa. Kila draivu aliyoihifadhi imebandikwa tarehe ya mwisho kuamshwa. Nilizikagua kadhaa, nyingi ziko ndani ya mwaka, moja ilikuwa imepitiliza na aliponiona naisoma akaitoa rafuni akaiweka chini ya meza bila kusema kitu.

Kwa upande wa kutunza stoki hapo namkata alama. Rafu za chini ziko vizuri, kadi ziko kwenye ile mifuko ya kijivu inayozuia umemetuli, kuna vipakiti vya silika, mabetri yametolewa yamewekwa pembeni ili yasivujie kwenye kadi, safi kabisa. Ila rafu za juu ziko karibu na bati. Dar, mwezi wa pili, chini ya bati! Kila nyuzi 10 zikiongezeka umri wa kapasita unapungua karibu nusu, hilo yeye mwenyewe ndo aliwahi kunieleza, sasa unaeleza watu alafu unaweka pawasaplai za S5 kule juu? Nikamwuliza, akasema nafasi hakuna kijana wangu, kodi ya Gerezani unaijua. Naijua. Lakini mi nikinunua pawasaplai naomba ya rafu ya chini, na wewe fanya hivyo. Na zile kadi zilizoingia karibuni kutoka kwa wauza skrepa zinakaa kwenye mifuko ya nailoni ya kawaida mpaka zipate zamu ya kusafishwa, hiyo nayo siyo sawa, nailoni ile inaleta umemetuli vibaya sana.

Nimetaja skrepa, tuongee hapohapo maana watu wanauliza anazipata wapi. Sehemu kubwa ni viwanda vinavyofungwa au vinavyobadilisha mitambo. Zamani paneli nzima ilikuwa inauzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu, wale vijana wanakata nyaya kwa ajili ya shaba na kadi zinapigwa nyundo. Mzee kaongea na wenye yadi, wakipata paneli wanampigia kabla hawajaikata. Yeye aliwahi kuwa fundi instrumenti kwenye kiwanda cha nguo kwa hiyo akiiona paneli anajua thamani iko wapi. Zingine anaagiza Ulaya kwa wauzaji wa masalia, na chache ni mpya kabisa ambazo hazijawahi kutumika, za stoo za watu zilizosahaulika. Anakwambia hii ni ipi kati ya hizo, na bei zinatofautiana kwa sababu hiyo.

Na wizi je? Wote tunajua, kuna kadi zinatoka kwenye stoo za viwanda kwenye mkoba wa chakula, zinauzwa mjini, alafu kiwanda hichohicho kinakuja kuzinunua. Mzee ana daftari. Anayeleta kadi anaandikwa jina na namba ya simu, na akiwa ni mtu wa kiwandani anatakiwa alete barua ya kiwanda. Sijui kama linamzuia kila mwizi, ila nimeona kijana kageuzwa na kadi yake mlangoni, na hilo kwa biashara za mjini ni jambo.

Bei sasa. Inauma, sitazunguka. CPU ya S7-300 iliyotumika kwake unaweza kukuta imezidi kwa karibu nusu ile ya mtandaoni, na kadi za S5 anazipanga anavyotaka kwa sababu anajua huna pa kwenda. Punguzo lipo kidogo ukimletea kadi yako iliyokufa, anaichukua kwa ajili ya vipuri vya ndani. Waranti ni mwezi mmoja na ana stika yake kwenye skrubu, ukiifungua imekwisha. Mwezi mmoja ni mfupi mno, wauzaji wengine wa masalia huko nje wanatoa mpaka mwaka au miwili, na hapa nadhani angeweza kujikaza kidogo hasa kwa zile anazosema ni mpya. Kwa upande mwingine risiti ya EFD anatoa bila kuombwa, VAT ya asilimia 18 iko ndani, kwa hiyo mhasibu hana neno. Wenye neno ni watu wa manunuzi, wanaotaka kotesheni tatu za kitu ambacho Dar nzima kiko kimoja. Hapo mtajijua wenyewe na manunuzi wenu.

Kwa hiyo kwa nini nisiagize nje? Naagiza pia, sikatai. Ukiwa na muda, na ukijua namba yako mpaka herufi ya mwisho, eBay na wale wauzaji wa masalia wa Uingereza na Ujerumani wana kila kitu. Ila piga hesabu yote. Usafiri wa ndege, kodi, na mjadala bandarini au uwanja wa ndege kama hiki kitu ni kompyuta au ni kitu gani. PLC iko kwenye kichwa cha forodha 8537, andika hivyo kwenye invoisi tangu mwanzo na ueleze kwa maneno ya kawaida kwamba ni kifaa cha kuongozea mashine, la sivyo mtu ataona neno CPU ataipeleka kwenye kompyuta na mtakaa hapo mnabishana wakati laini imesimama. Na hatari ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia ipo kubwa tu. Kiwanda cha rafiki yangu walipokea kadi kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, boksi limefungwa, stika ya kiwandani, kila kitu "mpya", kuja kufungua maandishi ya lebo yamefifia kwenye kingo na pini za nyuma zina mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa. Imesafishwa, imepigwa lebo, imerudishwa kwenye boksi. Ilifanya kazi, sitaki kusema uongo, lakini wamelipia bei ya mpya.

Alafu kuna hizi kopi za Kichina za PLC ya Mitsubishi FX2N, zile bodi za bei chee. Mzee anazo, na nampa heko kwa sababu kaziweka rafu ya peke yake kaandika KOPI kwa herufi kubwa. Zinakubali programu ileile ya GX Developer ya Mitsubishi, kwa mashine ndogo ya kufungia mifuko inaenda tu. Yeye mwenyewe hashauri uiweke kwenye kitu kinachoweza kukata mkono wa mtu au kwenye boila. Nakubaliana naye moja kwa moja.

Kitu ambacho duka haliwezi kukusaidia, au linaweza kwa nusu, ni programu. Hapa nataka mafundi wenzangu wasome taratibu. Kadi ya inputi ikifa unabadilisha umemaliza. CPU ikifa, CPU mpya inakuja tupu. S5-115U nyingi programu iko kwenye memori inayoshikiliwa na betri ya lithiamu, zingine zina kile kipande cha EPROM, memori isiyohitaji betri, kinachochomekwa mbele, ambacho kinafutwa kwa mwanga wa UV na ukikiona kina kidirisha cha kioo usikibandue stika yake. Kama huna EPROM na betri imekwisha alafu TANESCO wakakata, programu imeondoka na hakuna duka Gerezani wala Berlin litakalokuuzia. Betri ya S5 inabadilishwa umeme ukiwa umewashwa, fundi anayezima paneli kwanza "kwa usalama" ndo anayefuta programu. Mimi kile kitaa cha kuonya kwamba betri imekwisha nimekikuta kinawaka kwenye viwanda vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na watu wanapita mbele yake kila siku.

Kuitoa programu kwenye S5 unahitaji Step 5, programu ya Siemens ya kuandikia S5, inayoendeshwa kwenye DOS, na waya maalumu wenye kibadilishaji, kwa sababu ile bandari ya S5 inaongea kwa mkondo wa miliampia 20 na laptopu ya leo hata tundu la siriali haina. Mzee ana kompyuta ya zamani ya Siemens ya kuandikia programu za PLC, PG 740, zito kama jiwe la kusagia, bado linawaka, na kwa malipo ya pembeni anakuja kiwandani kwako au anamtuma kijana wake kuvuta programu na kukuachia nakala. Hiyo huduma ndo bora kuliko zote pale na ndo watu hawainunui, wanasubiri CPU ife. Tulimwita kwa mashine zetu zote za S5 na bei yake ilikuwa chini ya kadi moja. Kasoro ni kwamba nakala anakupa bila maelezo yoyote, majina ya inputi hayamo, maana kwenye PLC yenyewe hayakai, kwa hiyo unabaki na I 3.4 na Q 5.1, yaani namba tupu za inputi na autiputi, unatafuta mwenyewe ni swichi gani. Hilo siyo kosa lake lakini ajue watu wanategemea zaidi, angewaambia mapema.

Nilimuuliza pia sisi kiwandani tuhifadhi nini, kwa sababu bosi alitoa bajeti ndogo na kila mtu anataka kununua CPU. Akacheka. Kwake orodha inaanza na pawasaplai, kwa sababu ndo inayokula mabonde yote ya umeme wetu, alafu kadi za autiputi hasa zile zenye rilei ndani, maana rilei ina idadi ya kubofya na ikiisha imeisha, alafu feni na betri, alafu skrini za opereta ambazo mwanga wake wa nyuma unakufa na vitufe vyake vinatoboka kwa vidole. CPU zenyewe ni ngumu kufa ukizitunza. Akaongeza kitu sikukitegemea kutoka kwa muuza spea: kama mna mashine tatu zenye mfumo mmoja, badilisheni moja iwe ya kisasa, kadi zake zote mziweke kabatini ziwe spea za hizo mbili zilizobaki. Tumefanya hivyo na mashine ya tatu, stoo yetu ya kadi imejaa kuliko duka la mtu, na mzee kakosa biashara yetu kwa muda mrefu kwa ushauri wake mwenyewe. Sijui anapataje faida huyu mtu. Labda kwa zile kadi za S5.

Mambo mengine ya kukera nayamaliza haraka. Hana orodha ya maandishi ya stoki, kila kitu kiko kichwani mwake na kwenye daftari ambalo hakuna mwingine anayelisoma vizuri. Akiugua duka limeugua. Kijana wake anajifunza na ana adabu, ila bado anachanganya S7-300 na ET 200M, ile raki ya Siemens inayokaa mbali na CPU, ambazo kadi nyingi ni zilezile kwa hiyo si kosa kubwa, tatizo lipo kwenye kile kichwa cha mbele kinachounganisha na mtandao. Zile soketi za mbele za kufungia nyaya, ya pini 20 na ya pini 40, mara nyingi hana, na anakuuzia kadi bila kukukumbusha kwamba ya kwako ya zamani unaihitaji, usiitupe. WhatsApp anajibu kwa sauti tu, dakika tatu nne za kusikiliza katikati ya kelele za grainda. Maegesho hakuna, acha gari mbali utembee.

Alama? Nampa nane kwa kumi. Ningempa tisa kama asingekuwa na ile rafu ya juu na waranti ya mwezi. Anayetafuta bei ya chini hapa si pake, ila anayetaka kadi ifanye kazi usiku huohuo na mtu wa kumwambia hapana mapema, aende.

Ukienda, nenda na kadi yenyewe iliyokufa, usiende na picha tu kama unaweza. Picha piga ya lebo ya ubavuni na ya mlango wa mbele ukiwa wazi, na uandike taa zipi zilikuwa zinawaka kabla hujaichomoa. Kama ni S5 au PLC yoyote yenye betri, usizime paneli kwa ajili ya kupiga hizo picha. Beba hela au uwe na salio la kutosha kwenye simu, kadi ya benki hana mashine yake. Na Ijumaa anafunga saa sita mpaka saa nane, akiwa msikitini kijana hakuuzii CPU, atakuuzia betri na fyuzi tu.